Jumamosi za Kiragu

Duka la dawa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana, mwaka wa 2004, na ungedhani nusu ya watu wa Barabara ya Tom Mboya wamekumbuka kwa pamoja kwamba vichwa vinawauma. Peres, aliyekuwa nyuma ya kaunta tangu asubuhi, alikuwa akimweleza mama mmoja jinsi ya kumpa mtoto dawa ya kikohozi alipomwona mwanamume mrefu amesimama kwenye foleni kwa adabu zote, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, damu ikidondoka sakafuni.

Akamwita mbele. Wenye foleni walinung'unika mpaka walipoiona ile damu. Peres akamketisha kwenye kibao, akafungua kitambaa. Kiganja kilikuwa kimechanika kutoka kidole cha shahada hadi karibu na kifundo cha mkono. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini vifungo vilifungwa kwa haraka, kimoja kimeruka tundu lake. Viatu vilimeta. Kucha zilikuwa na udongo mweusi.

"Umekatwa na nini?"

"Glasi. Nilikuwa naosha vyombo."

"Ulikuwa unaosha vyombo shambani?" Peres akauliza, akimwonyesha mchanga uliokuwa ndani ya kidonda.

Mtu yule akacheka, kisha spiriti ikamgusa akaacha kucheka. Jina lake lilikuwa Kiragu. Alichora ramani za majengo katika ofisi moja kule Upper Hill, naye alikuwa na sauti ya taratibu ambayo Peres aliendelea kuisikia masikioni hata baada ya duka kufungwa.

Jumatatu alirudi kubadilishiwa bendeji. Jumatano akarudi tena, ingawa kidonda hakikuhitaji. Ijumaa hakuwa na kisingizio chochote, alikuja na mahamri mawili kwenye karatasi, akamwambia, "Daktari, leo ninaumwa na njaa tu." Peres akamkumbusha kwamba yeye si daktari. Kiragu akasema kwake inatosha.

Kwa miezi mitatu walikula chakula cha mchana kwenye benchi la Bustani ya Jevanjee. Jioni, baada ya kazi, simu ya Peres ililia kabla hajavua koti lake jeupe. Wote wawili waliishi Kangemi, yeye kwa binamu yake Obuya na mkewe, Kiragu katika chumba cha kupanga ng'ambo ya soko, kwa hiyo mara nyingi waliteremka kutoka mjini pamoja, wakitaniana njia nzima kuhusu nani kati yao anatembea kama bata. Peres alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba huyu ndiye.

Isipokuwa Jumamosi.

Kila Jumamosi asubuhi simu ya Kiragu ilizimwa. Peres alipiga akiwa kazini, akasikia sauti ya yule mwanamke wa mtambo ikimwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Alipiga tena saa nne, saa tano, saa sita. Alasiri Kiragu angetokea ameoga, amevaa shati safi, na aghalabu na mkato mpya kwenye kidole au kwenye mkono. Mara ya kwanza alipomuuliza, alisema alikuwa na kazi ya nje. Mara ya pili akasema alikuwa kwa rafiki. Mara ya tatu akauliza kama Peres angependa chai.

Kama kungekuwa na mwanamke mwingine, Peres alifikiri, Kiragu angekuja na manukato, si na udongo. Ni mwanamke gani humkata mtu kwa glasi kila wiki?

Jibu lililomtisha lililetwa mezani na Obuya mwenyewe. Obuya alikuwa mlinzi kwenye lango la nyumba moja ya Muthangari, na jioni moja akiwa anakula alisema nyumba tatu za mtaa ule zimevunjwa mwezi mmoja. Wezi walipitia madirishani. Kwenye dirisha moja polisi waliona damu. Mkewe akamwongezea mboga, akauliza kama ni vijana wa hapa Kangemi. Obuya akasema la, wanasema mmoja ni mtu wa kuvaa vizuri, mtu ambaye ukimwona hungemshuku.

Peres hakumaliza chakula.

Wiki hiyo hiyo alikwenda chumbani kwa Kiragu kumpelekea shati alilomshonea kola. Kiragu alitoka kuchota maji. Kalamu iliviringika chini ya kitanda, Peres akainama kuiokota, na mkono wake ukagusa chuma. Ilikuwa nondo ndefu iliyonolewa ncha, na juu yake pamekunjwa gunia na jozi ya glavu zenye madoa. Akavirudisha kama vilivyokuwa. Kiragu aliporudi na ndoo alimkuta amesimama mlangoni, akisema kichwa kinamuuma.

Siku nne hakulala vizuri. Kila ving'ora vilipopita barabarani karibu na duka, alipoteza hesabu ya vidonge akaanza upya. Alimpenda, na kumpenda huko kulizidisha hofu. Alhamisi, mke wa Obuya akiwa kanisani, Obuya alimuuliza ana nini, na Peres akajikuta anasema yote: mikato, simu iliyozimwa, ile nondo. Alisema akilia. Obuya alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho aliuliza mtu huyo ni mrefu kiasi gani.

Jumamosi, saa nne na dakika chache, simu ilitetemeka mfukoni mwa koti lake.

"Dada," Obuya alisema, "tumempata. Ameingia nyumba moja ya zamani inayobomolewa hapa Muthangari, ana gunia. Watu wamejaa. Mimi niko mbele yake lakini sijui nitawazuia mpaka saa ngapi. Njoo."

Peres aliliacha koti jeupe juu ya kaunta. Aliwahi kuona mara moja, kule sokoni, watu wanavyomfanya mtu aliyeitwa mwizi, na ndani ya teksi, toka mjini hadi Muthangari, hakuona kitu kingine chochote. Alimwambia dereva mara tatu kwamba ana haraka. Dereva akamjibu kwa upole kwamba magari hayaruki.

Watu kama ishirini walikuwa wamejazana nyuma ya ua wa miiba ya kayaba, karibu na nyumba ya mawe iliyokwisha kuezuliwa paa. Walinzi, mafundi, wapita njia, kijakazi mmoja na mwiko mkononi. Kiragu alikuwa ameketi chini kwenye udongo, shati limeraruliwa bega, mdomo umevimba. Mbele yake Obuya alisimama na rungu lake, lakini uso ameuelekeza kwa watu, na alikuwa akitokwa na jasho. Gunia lilikuwa chini, bado limefungwa kamba. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kwenda kutafuta tairi la kumchomea.

Peres alipenya kati yao. Hakujua kilichomo ndani ya gunia lile. Aliona tu jinsi Kiragu alivyoinua macho akamtambua, na jinsi alivyojaribu kuficha mdomo wake kwa mkono, kama mtu aliyekutwa hajajiandaa kwa mgeni.

"Huyu ni wangu," Peres alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia. "Huyu ni wangu. Fungueni gunia, na mimi nimesimama hapa."

Obuya akaikata kamba, akalimimina taratibu.

Zilitoka chupa. Chupa za kijani zenye gololi shingoni, chupa za udongo wa kauri za wino, vichupa vya dawa vyenye mistari ya vipimo ubavuni, kijiko kilicholiwa na kutu, kishikio cha kikombe chenye maua. Zote zilikuwa zimejaa udongo, na hakuna hata moja ambayo mtu angeinama kuiokota njiani.

Watu walitulia. Kisha mtu akasema, "Kumbe ni chokora tu wa kuokota taka," na kicheko kikapita kote. Peres alimtazama Kiragu wakati ule. Alikuwa amevumilia kipigo, lakini kicheko kile kilimwinamisha kichwa.

Msimamizi wa ubomoaji, mzee Njuguna, alifika akipumua kwa nguvu, akawaambia yeye ndiye aliyemruhusu kijana huyu kuchimba shimo la taka la nyumba za wazungu wa zamani, na kwamba amemruhusu tangu mwaka jana katika kila nyumba anayobomoa. Watu wakatawanyika wakiwa bado wanacheka. Obuya akamwomba Kiragu msamaha, akamshika bega, akarudi langoni kwake.

Kiragu alirudisha chupa moja moja ndani ya gunia. Mbili zilikuwa zimevunjika.

"Nani aliwaambia?" akauliza bila kuinua macho.

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole. Peres alianza kueleza, akamwambia kuhusu damu dirishani, kuhusu nondo. Kiragu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalibeba gunia begani akaenda zake, na alipomfuata alimwomba asimfuate.

Wiki tatu simu yake haikupatikana, si Jumamosi peke yake. Mahali pao Jevanjee palikaliwa na watu wengine. Wezi wenyewe walishikwa, watu wawili kutoka mtaa wa mbali, na habari hiyo haikumpunguzia Peres chochote. Mwishowe alikwenda kumtafuta mzee Njuguna, akamuuliza anabomoa wapi sasa. Mzee akamwambia Upper Hill, nyumba ya mwisho kabla ya lango la benki, na akaongeza kwamba njia yake ina matope.

Peres alinunua buti za mpira. Jumamosi iliyofuata, akiwa ameomba ruhusa kazini na amevaa gauni lake la manjano la kanisani kwa sababu hakuwa na lingine alilojiamini nalo, alipita kati ya matofali na mabati hadi nyuma ya nyumba ile. Kiragu alikuwa shimoni, udongo umemfika kiunoni. Walitazamana. Juu yao, kwenye jengo refu la jirani, watu wa ofisi walikuwa wakila mandazi dirishani.

"Ungeniambia," Peres akasema.

"Nilimwambia mmoja kabla yako. Tulikuwa tumepanga harusi. Siku aliyoniona natoka shimoni, aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba hawezi kuolewa na chokora." Akaupangusa uso kwa mkono, akazidi kuuchafua. "Sikutaka uniangalie vile. Na mwisho umeniangalia vibaya kuliko vile."

"Nilikuwa naogopa."

"Mimi pia. Kila Jumamosi."

Peres alikunja gauni lake magotini, akaketi ukingoni, akateremka. Shimo lilikuwa na baridi na harufu ya majivu ya zamani. Kiragu alimtazama kama mtu asiyeamini, kisha akampa kijichupa alichokuwa akikisugua kwa dole gumba. Peres akakigeuza kwenye mwanga, akamwonyesha mistari ubavuni: kila mstari ni kipimo kimoja cha dawa, na mabaki makavu ya dawa ndani yalikuwa yamekoma katikati. Mtu aliyekaa nyumba hii alikuwa mgonjwa, akamwambia, akanywa nusu akaacha. Ama alipona, ama hakupona. Kiragu alisema amechimba miaka sita na hakuna aliyewahi kumsomea chupa.



"Peres, nikienda Yala kuonana na mama yako, nitamwambia nini kuhusu mambo haya?"

 Peres alitoa simu, akampigia mama yake pale pale, miguu ikiwa imezama kwenye tope. Akamwambia kuna mtu anataka kuja nyumbani na wazee wake. Mtu wa Nyeri. Mchoraji wa majengo. Na Jumamosi, akasema, Jumamosi huchimba mashimo ya taka kutafuta chupa kuukuu, na mimi ninachimba pamoja naye.

 Kiragu alikuwa ameacha kupumua. Kisha mama akauliza jambo moja, Peres akaziba simu kwa kiganja.

"Anauliza kama unakula samaki."

Kiragu alifikiria kwa makini, kama mtu aliyeapishwa.

"Mwambie nakula. Lakini miba naiogopa."

Peres akamweleza mama yake hivyo hivyo, na kicheko cha mama huyo kikasikika hata kwa Kiragu, kikijaa shimo zima.