Ladu Zilizoliwa Mapema

Vibha alikutana na Mukund kwa kugombea karatasi. Ilikuwa kwenye duka la fotokopi pale mtaani Musallahpur, mjini Patna, saa ambayo madarasa ya mtihani wa kuajiriwa benki yanamwaga wanafunzi barabarani na kila mtu anapenyeza mkono dirishani. Mwanamume mmoja mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi likanyooka, aliondoka na zoezi la Kiingereza la Vibha.

"Kaka, hilo langu!"

Akalisoma kwanza. "Kweli ni lako. Makosa haya mimi siwezi kuyafanya."

"Jeuri hiyo!"

"Hebu tazama. Jambo limeanza asubuhi na bado linaendelea, wewe umelimaliza jana. Na hapa, kwa Kiingereza ukishasema 'ingawa', 'lakini' anakaa nje."

"Na hesabu je, mwalimu? Unaziweza?"

Akajikuna kisogo. Vibha akacheka mpaka shali lake la njano likamdondoka begani.

Basi kila jioni, kwenye kibanda cha chai, Mukund alimsahihishia nyakati za vitenzi na viunganishi, naye Vibha akamfundisha asilimia. Mapenzi yakaingia bila hodi. Mukund alikuwa anatimiza miaka thelathini, umri ambao benki haipokei tena, kwa hiyo huo ulikuwa mtihani wake wa mwisho. Na baba yake Vibha alishasema: "Mkwe wangu awe na kazi. Asiye na kazi asikanyage ngazi zangu."

Baada ya mtihani, walimu walikusanya maswali kutoka vichwani mwa wanafunzi, wakatoa majibu, kila mtu akajihesabia alama. Jumla ya Mukund ikavuka kiwango vizuri. Vibha akakimbia nyumbani.

"Baba, amepita!"

Mzee akalainika siku hiyohiyo. Alinunua kilo tano za ladu, vitamutamu vya sherehe, akagawia mtaa mzima, akitangaza mkwe wa benki. Hakuna aliyengoja matokeo. Musallahpur hatujui kungoja, na ujinga huo tunaurudia kila mwaka.

Matokeo yakatoka. Vibha alipita. Jumla ya Mukund ilitosha, ila kila somo lina kiwango chake, na kwenye hesabu alipungukiwa robo alama. Swali moja alilibahatisha, na kila jibu likikosewa hukatwa robo hiyohiyo.

Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi akapokea.

"Mukund, unanikomoa kwa kosa gani?"

"Baba yako anachekwa mtaa mzima kwa ajili yangu."

"Ataacha kuchekwa. Mimi nitakuacha vipi?"

"Utapata afisa mwenzako, mpenzi."

"Afisa nimpeleke wapi? Benki imenipanga Coimbatore, kusini kabisa, na mshahara wangu unatutosha wawili. Tukaandikishe ndoa hukohuko."

"Watu watasema nakula jasho la mwanamke."

"Waseme! Wanakuletea chakula hao? Kesho saa nne asubuhi naondoka kwenda Coimbatore. Njoo na begi."

Alikuja. Vibha alimwona akipenya kwenye umati wa stesheni, akampungia, kisha akaitazama mikono ya Mukund. Ilikuwa mitupu. Baba yake Vibha naye alimwona. Hakumtukana. Akageuka, akajifanya anatafuta namba ya behewa, na Vibha akaelewa kwamba mzee ameshashindwa, amewaachia wenyewe waamue.

"Panda," Vibha alimwambia dirishani. "Tiketi utalipia humu ndani."

Mukund alishika nondo za dirisha. Macho yalikuwa mekundu. Alitaka kupanda, mtu yeyote angeona, ila aibu ilikuwa imemkaba na Vibha hakujua tena aibu hiyo inaondolewa kwa maneno gani.

"Mukund, nakuomba."

Filimbi ikalia. Treni ikaanza kusogea, naye akatembea nayo sambamba, vidole vyake juu ya vya Vibha.

"Maji umebeba?" akamuuliza.

Vibha akalia, maana swali hilo ndilo lililokuwa jibu la Mukund.

"Nimebeba," akasema.

Hakuwa amebeba.