Bustani ya Emiliana

Kitu cha kwanza kumkataa Ilyasi kilikuwa simu yake mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, kibandani kwake pembeni ya soko la Gitega. Aliweka kidole gumba juu ya kioo kama alivyozoea. Simu ikatetemeka: kidole hakitambuliki. Akakifuta kwenye suruali, akaweka tena. Hakitambuliki. Akanawa mikono, akajaribu vidole vyote kumi, mwisho akaandika namba zake za siri, nazo zikakataliwa.

Mwingine angeshtuka. Ilyasi alicheka. Mtu anayekula kwa kuvunja kufuli za mashine hatishwi na kufuli ya simu. Aliiweka kando, akasema ni jasho, akaendelea na kazi. Ndivyo walivyo mafundi wenye sifa nyingi: kila kitu kwao ni hitilafu, mpaka hitilafu iwakamate shingo.

Na sifa alikuwa nazo, tusimnyime haki yake. Kuanzia Bukirasazi mpaka Mutaho, mwenye gemu ya mkononi alijua njia ya kwa Ilyasi. Aliifungua mashine, akatia mfumo mwingine kwenye kadi ya memori, na kuanzia hapo ilicheza kila mchezo bila ruhusa ya kiwanda. Mafundi wengine nao waliweza hivyo, ila mashine zao zikionja tu intaneti, kampuni inazifungia, basi tena. Za Ilyasi hazikufungiwa. Siri yake aliwaambia wateja huku akigongagonga bisibisi mezani.

"Bon, sikiliza. Mashine yako sasa iko na watu wawili ndani. Mumoja ni musafi, wa kiwanda, huyo njo anaenda ku intaneti kusalimia wakubwa. Wa pili anakaa ku kadi, anakula vya bure, mutu asimuone. Hawa wawili wasikutane hata siku moja. Wakikutana, umekwisha."

Nazario, muuza vitenge, aliwakutanisha. Mtu mzima na ndevu zake, lakini mpira wa kwenye gemu ulikuwa umemtoa akili. Mashine yake ikafungiwa, akaja kibandani karibu kulia. Ilyasi alijua dawa moja tu. Kila mashine hutoka kiwandani na hati yake, ambayo ndiyo jina lake mtandaoni. Iliyofungiwa unaweza kuivika hati ya nyingine iliyo safi, mradi ile nyingine isionekane tena mtandaoni. Na mashine safi ilikuwepo mezani pake wiki hiyohiyo, imefungwa ndani ya kipande cha kitenge.

Ilitoka Muyinga. Aliyeileta alikuwa Vumilia, mama mkulima aliyekulia kambini Tanzania akarudi nyumbani na watoto wake. Ilikuwa mali ya binti yake Emiliana, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye homa ya siku tatu ilimchukua kabla ya mavuno. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kilimo. Miaka minne Emiliana alikuwa amelima humo bustani yake, na bustani ilitunzwa huko kwa kampuni, mashine ile tu ndiyo iliyoweza kuifungua. Ukiiwasha, muziki wa sauti tatu unalia, na mbele ya kinyumba anasimama msichana mdogo kama kidole, mwenye gauni la njano, anapunga mkono.

"Rekebisha kioo, fundi, kingine usiguse," Vumilia alimwambia. "Bado hatujaganduka. Matanga hayajafungwa. Mpaka siku hiyo, kitu cha marehemu hakigawanywi, hakichukuliwi, hata uzi. Siku ya kuganduka nataka ndugu zake waione bustani yake, ndipo tumuage."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Wallahi sigusi kitu."

Aliapa asubuhi, akagusa jioni. Alijiambia kwamba marehemu hachezi, na mama wa shamba kule Muyinga intaneti ataipata wapi. Akainakili hati ya Emiliana, akaivika mashine ya Nazario, akarudisha ya Vumilia ikiwa na kioo kipya kinachometameta. Asichojua ni kwamba kila Jumapili baada ya misa Vumilia aliunganisha gemu na simu ya mdogo wake, akafungua bustani, akakaa akimtazama mwanawe anavyopunga mkono. Jumapili ile mashine mbili zikapiga hodi mtandaoni kwa jina moja. Kampuni ikazifungia zote mbili.

Jumatatu Vumilia alipiga simu.

"Fundi, mashine inasema jina lake limeonekana kwingine, imefungiwa daima. Bustani haipo. Uligusa kitu?"

"Hapana, mama. Ni mambo ya serveri tu. Itarudi."

"Uliapa."

"Niliapa, na sasa naapa tena."

Kuku akasikika nyuma yake. Kisha akasema polepole, bila hasira hata kidogo: "Haya. Aliyechukua jina la mwanangu kabla hatujamuaga, na lake lichukuliwe angali hai." Akakata. Na kesho yake ndiyo ile Jumanne ya simu.

Saa sita Ilyasi alikwenda nyumbani kula. Zaituni, mkewe, alikuwa uani anaosha sahani. Alipomwona, sahani ilimponyoka.

"Papa Layla! We umetokea wapi?"

"Ku kazi. Mbona hivyo?"

"Si umekuja sasa hivi?" Zaituni alishusha sauti, akatazama mlango wa chumba. "Umekula, umemubeba Layla, umesema unaenda kulala. Mi mwenyewe nimekufungia dirisha."

Ilyasi aliingia chumbani. Hapakuwa na mtu, lakini shuka lilikuwa na joto na godoro limebonyea mahali anapolala yeye. Chumba kizima kilinukia udongo uliotoka kulimwa sasa hivi, na kwenye mto palikuwa na chembe za mchanga mwekundu. Kisha akasikia, ndani ya ukuta, kwa mbali, muziki wa sauti tatu. Aliujua. Aliusikia siku aliyojaribu kioo cha Emiliana. Hapo ndipo kicheko chake cha asubuhi kilipokwisha.

Kesho yake alifika kibandani akakuta kimefunguliwa. Ndani ameketi mtu, mgongo umeinama, bisibisi mkononi, anamtengenezea Nazario mashine huku wanataniana. Mtu yule akainua kichwa. Ilikuwa sura yake Ilyasi, na kovu la lehemu ya moto liko palepale kwenye kidevu, ila macho yalikuwa yametulia kama ya mtu asiyedaiwa na yeyote.

"Karibu," yule akasema kwa sauti yake. "Uko unatafuta nani?"

Ilyasi alimgeukia Nazario. "Nazario, ni mi! Nitazame!"

Nazario alimtazama kama unavyomtazama mpita njia. "We nani? Fundi iko na kazi. Ngoja nje."

Akataka kusema jina lake. Alifungua mdomo, na lile jina alilopewa siku ya saba ya kuzaliwa likakaa kooni kama mfupa, halipandi wala halishuki. Alikimbia. Hakusimama mpaka alipoingia kwenye gari la kwenda Muyinga, akabanwa na magunia ya maharage, jasho linamtoka na huku njiani Karusi kuna baridi.

Vumilia alikuwa amekaa barazani anachambua mtama. Hakushangaa.

"Unaitwa nani?" akamuuliza.

Ilyasi akapiga magoti. Alilia, na tusimcheke, kwani alilia kweli. "Mama, nisamehe. Ni mi niliikopi. Nisamehe, iko mutu anakaa ku nyumba yangu. Iko na mutoto wangu."

"Bustani ya Emiliana nirudishie."

"Sitaweza. Ikifungiwa, imefungiwa. Hakuna fundi anaweza."

"Kwa hiyo ulijua," Vumilia alisema, na mikono yake haikuacha kuchambua. "Mimi nilimzika mara moja. Nikajipa moyo, nikasema kila Jumapili nitamwona. Wewe ukamzika mara ya pili, ukanidanganya kwenye simu, ukaniapia. Jumapili ndiyo tunaganduka. Ndugu wanatoka mbali kuja kuiona bustani, nitawaonyesha nini? Kioo chako kipya?"

"Nitafanya kitu chochote, mama. Niambie."

"Utafanya," akasema. "Lakini si sasa. Rudi kwako kwanza, ukaone kama wanakujua."

Alirudi Alhamisi, jua la adhuhuri likiwa utosini. Uani kwake palikuwa na viatu vingi, na ubani ulikuwa unafuka. Alipoingia ndani aliwakuta: Zaituni amejifunga mtandio mpaka machoni, Layla amepakatwa na yule mwingine, na katikati ya mkeka Sheikh Uthmani, mzee anayejulikana Gitega yote kwa kuwasomea wenye majini, ana kitabu na bakuli la maji.

"Njo hili, Sheikh," yule mwingine akanong'ona, akimkumbatia Layla. "Nilikuambia. Limevaa sura yangu. Juzi liliingia hapa, likamuogopesha muke wangu."

"Zaituni!" Ilyasi alipiga kelele. "Huyo njo jini! Mi ni bwana yako!"

Layla akaficha uso kifuani kwa yule mwingine, akalia: "Papa, lifukuze."

Neno hilo lilimkata Ilyasi kuliko yote yaliyotangulia. Vijana wawili wa Sheikh wakamshika mikono, wakamkalisha.

"Taja jina lako," Sheikh akaamuru.

Akajikamua, mishipa ikamtoka shingoni, na hakikutoka kitu. Sheikh akatikisa kichwa. Kwenye visomo vyote alivyosoma, jini huulizwa jina, na anayeficha jina ndiye jini mwenyewe.

Zaituni aliogopa, lakini hakuwa mjinga. Alitazama huyu, akatazama yule, kisha akaitoa simu ya mumewe mfukoni mwa yule aliyempakata Layla. "Mutu anaweza kuiba sura," akasema kwa sauti ndogo. "Kidole hapana. Kila mutu aweke kidole."

Yule mwingine aliweka gumba lake. Simu ikafunguka, na picha ya Layla ikajaa kioo. Ilyasi akaweka lake, akalibonyeza mpaka ukucha ukageuka mweupe, akiomba kwa Mungu aliyemwapia uongo mara mbili, na simu ikatetemeka: hakitambuliki.

Zaituni akafunika uso, akasogea kukaa upande wa yule mwingine. Sheikh akaanza kusoma. Alisoma na maji yakamwagika kichwani kwa Ilyasi na yakawa yanachoma, na akamtazama yule mwingine aliyeketi safi chini ya kisomo kilekile, ametulia, anaitikia amina pamoja na waumini, na hapo akakumbuka maneno yake mwenyewe ya kibandani, kwamba wapo wawili, na mmoja ni msafi ndiye anayesalimia wakubwa, na wa pili anakaa kwenye kadi asionekane na mtu, na wakikutana umekwisha, na alitaka kulia kwamba msafi alikuwa yeye, yeye ndiye wa kiwanda, lakini ulimi ulikuwa mwepesi kama karatasi na mikono aliyoshikwa ilikuwa inapungua ndani ya viganja vya wale vijana, na ule muziki ukaanza, sauti tatu, sauti tatu, karibu zaidi, na harufu ya udongo ikaingia puani na kinywani na machoni, mpaka asiuone tena uso wa Layla.

Vijana wakabaki wameshika hewa. "Alhamdulillahi," akasema Sheikh Uthmani, akafunga kitabu. "Limetoka."

Nyumba ile sasa ina amani, majirani wote wanasema hivyo. Fundi amekuwa mpole, hadanganyi wateja, na kazi ya kuvunja mashine ameiacha. Ila Zaituni hukung'uta mchanga kwenye shuka kila asubuhi, na Layla amejifunza wimbo wa sauti tatu. Ukimuuliza nani kamfundisha, anasema ni papa.

Jumapili, kule Muyinga, watu waliganduka. Ndugu walijaa uani, urwarwa, pombe ya ndizi, ukazunguka, hotuba zikatolewa. Vumilia aliingia chumbani peke yake, akakifungua kitenge, akawasha ile mashine iliyofungiwa daima. Ikawaka. Muziki ukalia, na bustani ikafunguka, matuta yote yamejaa magugu.

Msichana wa gauni la njano hakuwepo. Mbele ya kinyumba alisimama mwanamume mdogo kama kidole, akipunga mikono yote miwili, mdomo ukifunguka na kufungika bila sauti. Juu ya kichwa chake, mahali pa jina, palikuwa patupu.

Vumilia alimtazama kwa muda mrefu. Alitafuta huruma moyoni, kwa sababu alikuwa mtu wa sala, akaikosa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Mama Emiliana!" ndugu walimwita kutoka uani. "Tunasubiri kuona bustani!"

"Nakuja," akajibu. "Kuna magugu. Yanalimwa kwanza."

Akabonyeza kitufe cha jembe, na yule mtu akainama.