Uzito wa Aliyekalia Kiti cha Abeid

Kiti cha sita kilipanda chenyewe.

Mwanamvua alikuwa amekiacha chini kabisa, kama kilivyotoka kwenye boksi. Aliporudi kutoka kusali Adhuhuri alikikuta kimeinuka, kimegeukia meza, na mkono wake wa kushoto umeshushwa kuliko wa kulia.

Viti viliagizwa sita wakati Abeid yu hai, cha sita kikiwa chake. Abeid, mumewe na baba wa mwanawe Yusra, alikuwa mhasibu wa ofisi hiyo ya kusafirisha mizigo karibu na bandari ya Kigoma, na homa ilimchukua kabla viti havijafika. Mwanamvua alikaa eda nyumbani Ujiji, akatoka, akarudi kazini. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuwagawia wenzake viti na kumrekebishia kila mtu chake.

Aliifanya taratibu. Alimkalisha mtu, akatazama nyayo zimekanyaga sakafu, magoti hayaning'inii, kiwiko kimelala mezani bila bega kupanda. Kisha alipiga magoti, akazungusha kirungu kilicho chini ya kiti, kile kinachokaza springi ya egemeo. Happiness, mwembamba, alilegezewa, maana springi ngumu asingeisukuma kwa mgongo wake. Oswald wa Kidahwe, mtu wa mwili, alikaziwa.

"Kaza tena, dada," Oswald alisema. "Kikinitupa chali hiki, mtanizika na magurudumu yake."

"Wewe hata jeneza lako litabidi liagizwe," Happiness akamjibu. Kisha akakumbuka yuko mbele ya nani, akaziba mdomo.

Sasa Mwanamvua aliutazama ule mkono wa kiti ulioshushwa. Abeid aliwahi kuteguka bega la kushoto, likapona limeinama. Ndani ya shati halikuonekana. Ni nani hapa ofisini aliyelijua bega lile?

"Oswald, umekigusa kiti hiki?"

"Mimi? Niguse cha marehemu, nina wazimu?"

"Kuna mtu ananichezea."

"Haki ya Mungu si mimi, Mama Yusra." Oswald alishusha sauti, akatupa jicho kwa Happiness. "Labda muulize huyo. Tangu asubuhi ananusanusa, anasema humu kunanuka matope ya ziwa."

Mwanamvua aliwashuku wote wawili. Akakishusha kiti, na kesho yake wenzake walipotoka kwenda kula, alijifungia ndani na ufunguo mkononi.

Ofisi ilinyamaza. Harufu ikaja kwanza, harufu ya kitu kilichokaa chini ya maji muda mrefu kikaanikwa juani, kisha wenzo ulio pembeni ya kiti ukainuka polepole kama unaovutwa na kidole cha mtu asiye na haraka, gesi ikatoa pumzi ndefu, kiti kikapanda, kikasimama palepale, mkono wa kushoto ukashuka, magurudumu yakasogea mezani, yakatulia, na mto wa kiti ukabonyea kama unavyobonyea mtu anapokaa.

Angepaswa kukimbia. Lakini miezi yote ya eda alikuwa ameomba amwone hata ndotoni, na hakuwahi kumwona.

"Karibu, Baba Yusra," alisema.

Tangu hapo hakwenda kula na wenzake. Alikaa mkabala na kiti kile, akakisimulia habari za nyumbani. Happiness alimkuta siku moja akicheka peke yake, akarudi nyuma bila kugeuka.

Mchana mmoja, kabla ya saa ya mgeni wake, Mwanamvua alitaka kuegemea pale alipoegemea mumewe. Alikaa, akasukuma kwa mgongo. Egemeo halikusogea. Akasukuma kwa nguvu zote, likawa kama ukuta. Alipiga magoti, akashika kirungu. Kilikuwa kimekazwa hadi mwisho, kupita hata alivyomkazia Oswald.

Akamwita Oswald ajaribu. Oswald alikaa kwa shingo upande, akajitupa nyuma. Kiti hakikutikisika.

"Hiki ameegemea nani, dada?" Oswald alinong'ona, akainuka upesi.

Abeid hakuwa mzito hata siku zake za afya, na homa ilipomaliza kazi yake, waliomwosha walimnyanyua kama mkeka. Mchana huo alirudi kukaa mkabala, akaliona egemeo lile likilala nyuma polepole hadi chini, springi ikilia kama inayokatika. Urefu ulikuwa wa mumewe. Bega lilikuwa la mumewe. Uzito haukuwa wake.

Alikwenda Ujiji kwa Mzee Luqman, anayewasomea watu wenye majini, akamweleza yote.

"Maiti harudi, mwanangu," Mzee alisema. "Ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha."

"Kwa jina gani?"

"La mume wangu."

"Basi mimi nitasoma, lakini kumkana utamkana wewe, kwa kinywa kilekile."

Mzee alisoma ofisini, mkono juu ya egemeo, jasho likimtiririka. Harufu ya matope ikawa nzito hadi Happiness akatapika mlangoni.

"Sasa," Mzee alisema.

"Wewe si Abeid," Mwanamvua alisema. "Ondoka."

Kiti kikamgeukia.

"Mama Yusra," ikasema sauti ya Abeid, sauti ile ya siku za mwisho, iliyokauka kwa homa. "Mara hii umeshanichoka?"

Mzee alitikisa kichwa: usimjibu. Mwanamvua aliuma mdomo hadi akaonja damu, kisha akarudia kwa sauti kubwa: "Wewe si Abeid!"

Sauti ile ililia, ikilitaja jina lake, hadi ikakatika. Egemeo likaruka mbele kwa kishindo. Harufu ikaondoka.

"Mwisho ilikuwa sauti ya nani?" Mzee aliuliza.

"Ya Abeid."

"Hata mwisho kabisa?"

"Hata mwisho kabisa."

"Jini akitoka kweli, hutoka na sauti yake mwenyewe," Mzee alisema, akakunja msala wake.

Siku hizi Mwanamvua akimwombea mumewe humtaja kwa jina la mama yake, Abeid mwana wa Shadia, kama maiti wanavyoitwa kaburini, ili dua isipokelewe na mwingine. Na akifika mwisho wa dua hutega sikio kwanza, asikie kama yupo aliyemtangulia kuitikia amina.