Mtu Haolewi na Mwezi wa Kumi

Stendi ya Sumbawanga asubuhi haina ustaarabu. Wapiga debe wanaita Matai, wanaita Laela, wanaita Namanyere, wauza chai wanapishana na magunia, na ukizubaa unapandishwa gari la safari isiyo yako. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Redempta na beseni lake la mikate, sweta jekundu juu ya gauni la kitenge, kilemba cha njano kinachoonekana toka ng'ambo ya barabara. Mikate yake haikuhitaji kupigiwa debe. Harufu ilitosha.

Akatokea kijana mrefu, kabuti jeusi hadi magotini, mabuti ya mvua miguuni na mvua yenyewe haipo. Akanunua mikate minne. Mitatu aliitia mfukoni. Wa nne ulikuwa bado moto, akafungua kabuti, akausukumiza kifuani na kufunga vifungo.

"Kaka, mkate unaliwa," Redempta akamwambia. "Hauvaliwi."

"Ukinipa joto mpaka Msanzi, nitaula kwa heshima zote."

"Na ukipondeka?"

"Nitarudi kulalamika. Wewe unapatikana hapa kila siku?"

Mwenye macho haambiwi tazama. Jumamosi ya wiki ile ile alirudi, mkate haukuwa umepondeka, na malalamiko hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na gunia la viazi mviringo na tabasamu la mtu aliyelala macho akitafuta maneno ya kusema.

Jina lake Teodori. Alikuwa fundi wa magari mjini mpaka baba yake alipofariki, akamwachia mama mjane, ng'ombe kumi na wawili na shamba la ngano na viazi huko juu ya Msanzi, mahali ambapo gari hupanda Jumanne na kushuka Ijumaa. Alirudi nyumbani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kurudi. Redempta naye alikuwa mtoto wa Wampembe, kwenye joto la ziwa, ambako mtu analala na dirisha wazi na bado anatokwa jasho. Alikuja Sumbawanga na hamira ya kuanzia na ujasiri, akajenga tanuri la matofali kwa mikono yake mwenyewe, na kwa miaka minne hakuna aliyefungua kinywa asubuhi pale stendi bila mkate wake. Mwaka wa kwanza mjini alilia kwa baridi. Wa pili akanunua sweta. Wa tatu akaizoea baridi, akaona amemalizana nayo.

Walipendana bila kuficha. Teo alishuka kila Jumamosi. Siku nyingine alipiga simu jioni, akimwita laazizi, akimwita mama mikate, na Redempta anacheka mpaka jirani yake Anjela, mshonaji, anagonga ukuta kuuliza kuna nini. Mara mbili Teo alimpeleka kwao. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi, jua limewaka, anga safi, ng'ombe wametawanyika mlimani. Mara ya pili mwezi wa pili, kila kitu kijani mpaka macho yanauma. Redempta alimuuliza kuhusu baridi, maana mjini watu husema huko juu si mchezo. Teo akamjibu kwamba ni kama mjini tu, ongeza sweta moja.

Mwezi wa sita akamwomba wafunge ndoa na wakaishi huko. Padri wa parokia yao alitaka majina, na Jumapili ya pili ya mwezi wa saba ndiyo angeanza kuwatangaza kanisani.

Hapo ndipo Redempta aliposita. Kumpenda, alimpenda, wala hakumficha mtu. Lakini tanuri halibebeki kichwani. Stendi haihamishiki. Akihama anaacha kila alichokijenga, na asipohama anamwacha Teo, kwa sababu Teo hawezi kumwacha mama yake peke yake na ng'ombe. Mama yake wa Wampembe alimwambia kwenye simu kwamba watamrudishia maiti iliyokauka kama dagaa. Anjela alimwambia afuate moyo. Redempta hakuona msaada kwa yeyote kati yao.

Usiku mmoja wa kuamkia soko alihesabu kwenye vidole, akakaa kitandani wima. Mwezi wa kumi. Mwezi wa pili. Kila alipoomba kwenda mwezi wa sita au wa saba, Teo alikuwa na jambo. Barabara mbovu. Mama anaumwa mgongo. Gari limeharibika.

"Mtu haolewi na mwezi wa kumi," akamwambia Anjela asubuhi. "Anaolewa na mwaka mzima. Nakwenda Jumanne, na Teo asijue."

Akamwachia Anjela tanuri na wateja, akafunga unga kilo tano na hamira ili asiende ukweni mikono mitupu, akapanda gari.

Msanzi kwenyewe palikuwa na baridi ya kuvumilika. Huko juu palikuwa na kitu kingine. Gari lilipomshusha, upepo ulipita kwenye sweta lake kana kwamba hakuvaa chochote, machozi yakamtoka bila huzuni yoyote, na nyasi zote alizoziacha kijani zilikuwa kahawia, zimelala upande mmoja. Alitembea akiwa ameuma meno mpaka kwenye nyumba.

Mama Epifania alikuwa jikoni, amejifunga vitenge viwili na blanketi juu yake. Redempta alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama Teo alivyomfundisha, akaamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, kisha akabaki kumtazama kama mtu aliyeona kuku anaogelea.

Akamweleza kwamba Teodori ameshuka mjini na pikipiki yake alfajiri ile ile, amemfuata yeye kutaka jibu la ndoa. Walipishana njiani. Halafu, kwa kuwa alikuwa mama mkarimu asiyejua kubana maneno, akamvuta karibu na moto na kuendelea kuongea.

"Mwanangu alisema wewe nisikuone hapa kabla baridi haijaisha. Nikamwambia, Teodori, mke hafichwi hali ya hewa. Hataki kusikia. Tangu yule binti wa Mpanda aondoke, anaogopa mwezi wa saba kuliko radi."

Redempta aliuliza ni binti yupi wa Mpanda. Mama akashika mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Fortunata, mwalimu, miaka mitatu iliyopita. Mahari ilishapelekwa. Alikuja mwezi wa saba kuangalia nyumba, akakaa siku sita, ya saba akapanda gari la viazi bila kuaga.

Kilichomuuma Redempta sana hakikuwa Fortunata. Mwanamume wa miaka thelathini na miwili atakosaje kuwa na jana yake? Kilichomuuma ni kwamba karibu mwaka mzima amechezewa kama mnunuzi wa shamba, anaonyeshwa upande wenye maji tu. Angeondoka dakika ile ile. Lakini gari hushuka Ijumaa, na simu yake haikuwa na hata kijiti kimoja cha mtandao. Akala ugali wa ulezi na maharage, akalala ndani ya mablanketi matatu, na hasira ikamsaidia kupata joto.

Jumatano aliamua kuoka, maana mikono yake haijui kukaa. Alikanda unga asubuhi, akaufunika na kitambaa, akausubiri kama anavyousubiri mjini. Saa nne ulikuwa vile vile. Saa sita vile vile, mgumu, baridi, umenuna. Saa nane akaubonyeza na kidole, shimo likabaki linamtazama. Akakaa chini na kulia kweli, si kwa sababu ya mkate. Alijiona hapa si mtu. Mjini yeye ni Redempta wa mikate. Huku ni mwanamke anayetetemeka mwenye beseni la unga uliokufa.

Mama Epifania aliingia, akautazama unga, akaugusa na mgongo wa mkono.

"Umeuacha uchi," alisema. "Mimi pombe yangu ya ulezi mwezi huu siiachi hivyo. Haiwezi kuchacha."

Akamwonyesha. Kwenye pembe ya jiko, upande ambao moto haufiki lakini ukuta una joto, palikuwa na chungu kimefungwa kwa gunia, juu ya gunia blanketi kuukuu, na chini yake kitanda cha majivu ya uvuguvugu. Pombe yenyewe ilikuwa inanong'ona humo ndani. Wanawake wa huku walikuwa wanaumua vitu kwenye baridi hii tangu enzi za bibi zao, na hakuna aliyewahi kuwahurumia.

Redempta akafuta macho. Akakanda upya jioni, akaongeza hamira kidogo, akaliviringisha beseni kama mtoto mchanga na kuliweka ubavuni mwa chungu. Alhamisi asubuhi unga ulikuwa umeinua kitambaa na kuchungulia nje. Alipiga kigelegele kimoja kifupi, peke yake jikoni. Ulichukua saa nyingi, ndiyo, lakini mkate uliotoka kwenye sufuria yenye makaa juu na chini ulikuwa mzito, mtamu, wenye ladha ambayo wa stendi haukuwa nayo. Majirani watano walikuja kuulizia moto na kuondoka na vipande. Mmoja alimwambia kuwa mkate huwafikia umeshakauka, na kama angekuwa anaoka huku, shule peke yake ingemmalizia mikate yote.

Hapo hesabu ya kuhama ikabadilika kichwani mwake. Baridi aliiweza. Kazi aliiona. Kilichobaki ni Teo.

Mchana alijifunga blanketi la mama na kupanda kilimani, mahali pekee simu inapokamata. Watu sita walikuwa wamesimama kuzunguka jiwe kubwa, kila mmoja akipayuka mambo ya nyumbani kwake. Akapanda juu ya jiwe, akapiga.

Teo alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Rede? Uko salama?"

"Uko wapi?"

"Kwako. Kwenye tanuri." Akakohoa. "Nilitaka kugeuza siku ile ile, Anjela akasimama mlangoni. Akaniambia nimekuficha miezi kumi, nikuache uone siku tatu. Basi naoka. Jana niliunguza."

"Mikate mingapi?"

"Usiniulize, mpenzi."

Redempta aliuma mdomo asicheke, kwa sababu hakuja kucheka. Akamwambia ameoga kwa maji ya kuuma mifupa, amelala na mablanketi matatu, na habari za Mpanda amezipata. Teo akaanza kujibu haraka haraka. Ameshaamua. Atauza ng'ombe, atamleta mama mjini, atarudi gereji, yeye Redempta asihangaike tena na huko juu.

"Mimi sikukuomba uuze ng'ombe," Redempta akamkata. "Nisikilize, Teo. Yule wa Mpanda ulimwonyesha yote, akakataa. Ikakuuma, najua. Lakini mimi hukunipa hata nafasi ya kukataa. Sasa ningekubali, ungejuaje kama nimekubali? Ungekaa kila mwezi wa saba unasikiliza mlango."

"Niliogopa kukukosa."

"Na ungenikosa hivyo hivyo, nikiwa ndani ya nyumba yako."

Mzee mmoja pale kilimani alikata simu yake mwenyewe ili asikie vizuri. Wengine nao wakapunguza sauti. Redempta aliwaona, wala hakujali. Kama atakuwa mtu wa huku, watamjua tu.

"Niulize tena," alisema. "Niulize nikiwa nimesimama huku. Na useme yote."

Teo akavuta pumzi. Akaanza taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo ngazi moja moja. Kwamba kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane umande unaganda kwenye majani. Kwamba mwezi wa tatu barabara inakatika, wiki mbili nzima hakipiti chombo. Kwamba zahanati iko Msanzi, na mama alikaribia kumzalia yeye njiani. Kwamba tanuri lake la mjini atalililia, na yeye hana cha kumpa badala yake ila matofali mapya na mikono miwili.

"Endelea."

"Ni hayo tu."

"Siyo hayo tu."

Redempta alisikia Teo akiweka chini beseni.

"Kwamba nilimwona Fortunata akiondoka," Teo akasema. "Nilikuwa zizini, nikaona gari, nikajificha nyuma ya ng'ombe. Sikumfuata wala sikumwita, nikamwambia mama nimekuta ameshaondoka. Sijawahi kumwambia mtu." "Sasa, Redempta, nimekwambia yote. Utakubali kuishi na mimi huko?"

Upepo ulimpiga usoni. Aliitazama nyumba kule chini, moshi ukitoka jikoni, nyasi za kahawia zimelala hadi mwisho wa macho. Hakuna kilichokuwa kizuri siku ile, na yeye hakuhitaji kiwe kizuri.

"Nakubali," alisema. "Mwambie padri atangaze Jumapili. Na mimi sishuki kesho, njoo unikute huku huku."

Hakusikia jibu, maana mzee aliyekata simu alikuwa amelipokea neno lake kwa makofi, na wale wengine watano wakampigia Teodori kelele za hongera kwa pamoja kwenye simu ile ile, wote kwa sauti ya kilimani.