Neno la Siri la Mama

Kila asubuhi, kabla mwanga haujaingia vizuri chumbani, cherehani ya Mama ilikuwa imekwisha kuanza kulia. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, na binti zake wawili waliamka kwa mlio huo kama wengine wanavyoamshwa na jogoo. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo alikuwa na miaka saba, nao walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake.

Siku hizo Kidoti alikuwa mzito wa kuitika.

"Kidoti! Kiatu chako kingine kiko wapi?"

Kimya.

"Wewe Kidoti!"

"Eeh?"

"Sikio la kufa halisikii dawa!" dada yake alisema, kisha akamfinya shavu.

Mama alicheka bila kusimamisha cherehani. "Mwache mdogo wako. Huyo husikia anachotaka. Hebu taja mkate uone."

Muhula huo shule yao iliacha kutuma barua za karatasi. Alama, mahudhurio na taarifa zote ziliwekwa kwenye tovuti, na kila mzazi alitakiwa kufungua akaunti yake. Mama alijua kusoma, lakini simu ilimtia woga. Kwake simu ilikuwa ya kupiga na kupokea, basi. Akamkabidhi binti yake mkubwa ile simu yenye kioo kilichopasuka pembeni.

"Nifungulie, mwanangu. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

Msomi wa nyumba akajaza jina la Mama, namba ya simu, na majina ya watoto wawili. Mwisho tovuti ikadai neno la siri. Akaliandika upesi upesi.

"Umeandika nini hapo?"

"Neno la siri, Mama."

"Lipi?"

"Aa, Mama! Likisemwa si siri tena. Ndiyo maana linaitwa hivyo."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa sheria ya serikali. "Haya. Litunze vizuri."

Binti alikuwa na sababu yake. Katika jaribio la hesabu la wiki ile alikuwa amepata ishirini na nane kwa mia. Mama hakuwa mtu wa fimbo. Lakini kila mteja aliyekuja kupimwa sare aliambiwa, "Unamwona huyu? Hesabu ni chakula chake." Kumwangusha mtu anayekusifu hivyo ni kugumu kuliko kuchapwa. Kwa hiyo binti alizima mlio wa taarifa kwenye simu, akanyamaza.

Kila Ijumaa Mama aliuliza, "Shule wanasemaje?"

"Hakuna jipya, Mama."

Uongo wa kwanza aliusema akijifanya anafunga kamba za viatu. Wa tatu uliteleza wenyewe.

Siku moja Kidoti alirudi na habari. "Dada, leo madaktari wamekuja shuleni. Wametuchungulia masikio kwa tochi."

"Wamekuta nini kwako, panya?"

"Sijui. Wameandika."

Dada hakuuliza wameandika nini. Wiki hiyohiyo akaunti ya Mama ilionyesha alama nyekundu yenye namba moja. Baadaye ikawa mbili, kisha tatu. Hakufungua ujumbe hata mmoja. Ukifunguliwa, shule huona kwamba umesomwa, naye alikuwa na hakika kuwa mwalimu wa hesabu anamwita Mama. Wakati huo Kidoti alianza kulia akishika kichwa. Mama alidhani ni meno ya utotoni yanang'oka, akampa kidonge cha maumivu.

Wiki ya tatu, Jumanne alasiri, mwalimu wa Kidoti alifika kwa miguu. Alipewa kiti, akakataa kukaa.

"Mama, tumekutumia ujumbe mara tatu. Hata mmoja hukuusoma?"

"Ujumbe gani, Mwalimu? Mimi naambiwa hakuna jipya."

Mama alimnyooshea binti yake simu, kisha akaivuta nyuma. "Hapana. Leo nitaandika mwenyewe. Neno la siri ni lipi?"

Binti alitazama sakafu. "Mama hajui."

"Najua sijui! Ningejua ningekuuliza?"

"Ndilo lenyewe, Mama. Mamahajui. Herufi ndogo, bila nafasi."

Mguu wa Mama ulishuka taratibu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Mwalimu aligeuka akatazama nje. Mama aliandika herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole chenye makovu ya sindano, hadi akaunti ikafunguka. Akasoma kwa sauti: "Mtoto wako ana usaha ndani ya masikio yote mawili, la kulia limezidi. Tafadhali mpeleke hospitali wiki hii." Wa pili ulisema hivyohivyo. Wa tatu ulisema, "Tafadhali sana." Hapakuwa na ujumbe wowote kuhusu hesabu.

Waliondoka saa ileile. Kitambaa kilibaki chini ya sindano.

Daktari alichungulia kwa muda mrefu. "La kushoto tumeliwahi," alisema. "Kwa hili la kulia dawa imechelewa. Limekufa, halitasikia tena. Mngekuja wiki ile ya kwanza, ingekuwa habari nyingine."

Dada mtu aliyasikia maneno hayo, akakumbuka utani wake wa kila asubuhi. Hakuutamka tena maisha yake yote.

Kidoti alitibiwa wiki mbili, maumivu yakaisha. Mwalimu alimhamishia dawati la mbele. Jumapili iliyofuata Mama alimwita binti yake mkubwa karibu na cherehani.

"Alama zako nimeziona kwenye akaunti. Ishirini na nane hupanda mtu akisoma," alisema. "Kuanzia kesho utabaki shuleni baada ya masomo, nimekwisha kuzungumza na mwalimu wako. Sasa niambie. Neno la siri limewekwa kumzuia nani?"

"Mwizi, Mama."

"Mimi ni mwizi katika nyumba yangu?"

Binti alitikisa kichwa huku machozi yakimtoka.

"Na mimi nina kosa langu," Mama aliendelea. "Nilikuachia mzigo wa mtu mzima kwa kuogopa simu. Lakini wewe sikia, ulishike hili. Mtu akifunika kosa lake hajui amefunika na nini kingine chini yake. Wewe ulifunika alama zako, ukafunika na sikio la mdogo wako. Kosa liseme lingali dogo. Haya, nionyeshe pa kubadilishia hilo neno, halafu geuka utazame ukuta."

Binti alionyesha, akageuka. Nyuma yake kidole cha Mama kiligonga kioo polepole, herufi kwa herufi.

Kidoti aliingia kutoka uani. "Dada, mbona umetazama ukuta?"

Dada alimzunguka kwanza hadi upande wa kushoto, akainama, ndipo akamjibu.