Jina Kwenye Boriti ya Mnara

Kisa kilianza na maji. Asubuhi Ameir alifungua karakana yao pale Newtown, akakuta sakafu imejaa tope la mtoni, na Johannesburg haina mto wa kujivunia.

"Ndugu, hii maji imetoka wapi?" aliuliza Gaston, mshirika wake Mkongomani.

"Bomba," alijibu Ameir. Bomba lilikuwa kavu tangu juzi.

Katikati ulisimama mnara waliomchongea Bwana Lin, mwenye mkahawa Midrand, mfano wa mnara wa kale wa kwao kando ya mto. Ghorofa tano, mapaa yaliyopinda ncha juu, kengele kila pembe, wala hakuna msumari; ulimi wa mbao huingia tunduni, basi. Ule wa kale vita viliuchoma mara sita. Katika moto wa mwisho fundi mkuu alikataa kushuka, akaungua nao. Kilichosalia ni kipande cha boriti chenye jina lake, nacho Bwana Lin alitaka kikae juu kabisa.

Ameir alikuwa mchonga milango wa Unguja, na kwao juu ya mlango huandikwa jina la mwenye nyumba na mwaka. Mazoea yana taabu. Jana yake aliipiga boriti randa, akafuta maandishi asiyoyajua, akachonga jina la Lin na 2019, kisha kwa majivuno akaongeza lake. Alikuwa amemwahidi binti yake Saida kwamba siku ya ufunguzi angeliona jina la baba. Maranda aliyatia motoni, akachemshia gundi.

Mchana wa siku ile ya tope umeme ulikatika. Kengele zikalia bila upepo, harufu ya mbao mbichi zinazoungua ikawakaba koo, na huko juu ya mnara, ambako hakukuwa na mkono wa mtu, randa ikaanza kukwaruza taratibu, ikimenya jina la Ameir herufi baada ya herufi, maranda membamba yakimdondokea usoni.

"Eish, rudisha jina ya yule fundi," Gaston alinong'ona.

"Nilirudishe vipi? Nimelichoma."

Walimpigia Bwana Lin. Alisema jina lile halikuandikwa penginepo popote duniani.

Maalim Khatibu, msomaji dua wa mtaani waliyemwita, alikuja na ubani, akasoma hadi alasiri. Kengele zikanyamaza, tope likakauka. "Yule fundi ameondoka," alisema akijifuta jasho. "Ila ameondoka ameridhika, na hilo sikulipenda."

Ameir hakumsikiliza. Alikimbia nyumbani kwa furaha, akabisha hodi.

"Nani?" aliuliza mkewe, Biubwa, kutoka ndani.

Akafungua kinywa. Jina lake halikuja. Alilitafuta kichwani, akakuta pale lilipokaa pamelainishwa kama ubao uliopigwa randa.

Biubwa alifungua mlango kidogo, mnyororo haujatolewa, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Mama, ni baba?" Saida aliuliza nyuma yake.

"Hapana, mwanangu. Ni mtu tu, ananuka moshi."