Kaseti ya Seifu

Kila siku akitoka shule, Dalia alibadilisha nguo, akaosha vyombo, kisha akangoja adhana ya alasiri. Kwao ni Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, katikati ya magereji, na anayeishi hapo anajua: kutwa nzima ni nyundo juu ya mabati. Mafundi wakienda msikitini, mtaa hutulia kidogo. Huo ndio muda ambao kaka yake, Seifu, alikuwa akivuka barabara kwenda kwa Madamu Daphrose kusoma vitabu na kuvirekodi kwenye kaseti.

Alikuwa akijitolea tu. Madamu Daphrose, mwalimu mstaafu, aliwafundisha watoto wasioona, na kaseti ndizo zilizokuwa vitabu vyao. Halafu siku moja guruneti likatupwa sokoni, na Seifu hakurudi nyumbani. Vita vilikuwa vimekwisha kuchukua watu wengi Bujumbura, lakini akichukuliwa wa kwenu, unaona kama ni yeye peke yake.

Mtaa uliendelea kumwita mama yao Mama Seifu, na kila alipoitwa aliinamisha uso.

"Arobaini ikipita, nitakwenda kwa Madamu nimsikie mwanangu," alisema. "Sasa hivi siwezi."

Dalia alimwendea Madamu. "Mi nataka kumaliza kitabu cha Seifu," alisema. Kilikuwa kitabu cha jiografia, na mwanafunzi mmoja asiyeona, Joëlla, alikingoja kwa ajili ya mtihani.

"Karibu, mwanangu," Madamu alijibu. Alimkalisha katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kelele zisiingie. "Soma kana kwamba unamsomea mtu mmoja aliyekaa hapo mbele. Ukikosea, rudi mwanzo wa sentensi. Na kabla ya kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, sikiliza kwanza kaseti yenyewe, upande mzima. Usinirukie hilo."

Alikuwa na sababu. Tangu nchi ilipowekewa vikwazo, kaseti mpya hazikuja tena, kwa hiyo za zamani zilirekodiwa upya, na karatasi zake za majina zilikuwa zimebanduka kwa joto. Usiposikiliza, hujui unafuta nini.

Siku za mwanzo Joëlla alimcheka. "We Dalia, nani anakukimbiza? Seifu alikuwa ananiachia nafasi ya kufikiri."

Alasiri moja Dalia alichukua kaseti isiyo na jina. Madamu alikuwa chumba cha pili na wanafunzi. Dalia alijua anapaswa kusikiliza kwanza, lakini moyo ulikataa. Sauti ya Seifu ingeweza kutoka humo wakati wowote, naye angeshindwa kujizuia kulia. Akabonyeza kitufe chekundu, akasoma sura mpya mbiombio, akamaliza.

Joëlla aliingia akipapasa mlango. "Dalia, nitafutie kaseti niliyoikwaruza kwa msumari pembeni. Ile sura ya ziwa. Ndiyo pekee ya Seifu iliyobaki, na upande wa pili hakuwahi kuufikia; nyingine zote zimekwisha kurekodiwa tena."

Dalia alipitisha kidole pembeni mwa kaseti aliyoishika. Mkwaruzo ulikuwepo.

"Sijaiona," alisema.

Jioni hiyo Dalia alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa akipiga pasi kanga yake nzuri. "Ijumaa nakwenda kumsikia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa na uhai kidogo. Dalia alitamani ardhi immeze.

Kesho yake alirudi na mpango. Kwa kuwa alisoma haraka, upande wa kwanza haukuwa umejaa. Angeujaza hadi mwisho, pasibaki dalili yoyote ya Seifu, kisha aseme kaseti ya Seifu imepotea. Aliweka kidole juu ya kitufe. Akamwona mawazoni mama yake akiitafuta kaseti hiyo maisha yake yote, katika kila droo, kwa kila jirani. Akaondoa kidole, akaenda kumwambia Madamu kila kitu. Kisha wakavuka barabara pamoja.

Mama Seifu aliposikia, alikaa chini sakafuni. Hakumpiga, hakumtukana. Ingekuwa afadhali angempiga.

"Kwa nini hukusikiliza kwanza?" aliuliza.

"Niliogopa kumsikia, mama."

"Hata mi niliogopa," alisema mama, na wote wawili wakalia.

Ijumaa Mama Seifu alikwenda hivyo hivyo, na kanga yake nzuri. Madamu aliiweka kaseti, Joëlla akakaa karibu. Ikatoka sauti ya Dalia, ya haraka haraka, hata yeye mwenyewe aliona aibu. Ikaisha. Kikasikika kishindo kidogo, halafu sauti nyingine, tulivu:

"...na hapo ndipo wavuvi wanapopata mukeke na ndagala. Joëlla, upande wa kwanza umekwisha. Geuza kaseti. Mi niko hapa."

Mama Seifu alifunika mdomo kwa kanga. "Irudishe," alisema. Wakairudisha, tena na tena, hadi mafundi walipoanza upya kugonga mabati.

Madamu alichukua kisu, akavunja vile vipande vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili asiwepo wa kurekodi tena juu yake. Kisha akamgeukia Dalia.

"Ulichofuta hakirudi, mwanangu, siwezi kukudanganya. Lakini kama ungeujaza upande huu kuficha kosa lako, hata haya machache mama yako asingeyapata. Kusema kweli ndiko kulikoyaokoa. Na kazi hii inaanza na kusikiliza, hata kinachouma. Siku ukiogopa, niite, tusikilize wote."

Wiki iliyofuata Dalia alichukua kaseti nyingine, akaisikiliza upande mzima, Madamu akiwa kando yake. Kisha akaanza upya sura ya ziwa, polepole, akimwachia Joëlla nafasi ya kufikiri. Mama yake alikaa kwenye kona, akisikiliza. Utepe ulipokaribia kwisha, Dalia aliinua macho kutoka kitabuni.

"Joëlla," alisoma, ingawa kitabuni hayakuandikwa, "upande wa kwanza umekwisha. Geuza kaseti. Mi niko hapa."